Kuacha pombe kwa dawa: mwongozo kamili kwa watu wa Mwanza na mialoni

Ujumbe ninaoletewa unafanana. "Dada nesi, nilianza vile vidonge, wiki ya pili nikarudi kunywa." "Mume wangu aliacha ghafla, usiku wa pili akaanza kuongea na watu ambao hawapo." "Nimemwekea kwenye uji bila yeye kujua, sasa anatapika na moyo unamwenda mbio, nifanyeje?"

Nimekuwa muuguzi upande huu wa ziwa kwa miaka mingi, na wanaoshindwa hushindwa palepale. Wapo wanaoacha pombe kwa siku moja bila mtu wa kuwaangalia. Wapo wanaopewa dawa isiyowafaa. Na wapo, hawa ndio wengi, wanaoitupa dawa mwezi wa kwanza kwa kudhani wamepona.

Fuata hatua kwa mpangilio wake. Kidonge cha hatua ya 5 kikimezwa katika hatua ya 2 kinaweza kuua. Vipimo vya dawa nilivyoandika ni vya kukusaidia kuielewa karatasi ya daktari, usijiandikie.

## Vitu vya kuandaa kabla ya siku ya kwanza

- Mtu mzima mmoja asiyekunywa, atakayelala nyumba hiyohiyo siku 5 mfululizo. Ukikosa kila kitu kingine, huyu usimkose. Mtoto wa miaka 12 hatoshi.
- Usafiri wa usiku. Namba ya bodaboda au bajaji anayepokea simu saa nane za usiku. Kisiwani, mwenye boti ya injini, na petroli iwe tayari kwenye dumu.
- Mfuko wenye dawa zako zote: ARV, za TB, za presha, za maumivu, hata zile nusu dozi za Flagyl zilizobaki kwenye kabati. Daktari anatakiwa kuziona kwa macho.
- Daftari na kalamu.
- Kadi ya bima, au fedha za vipimo. Ulizia bei kabla, ili usikate tamaa dirishani.
- Chakula chepesi: unga wa uji, karanga, michembe, dagaa, ndizi, na pakiti chache za ORS.
- Nyumba isiyo na pombe. Ile chupa ya mgeni iliyo juu ya kabati pia iondoke.

## Hatua ya 1: Andika unachokunywa, wiki nzima

Usianze kwa kuacha. Anza kwa kuhesabu. Kwa siku 7 kunywa kama kawaida yako, lakini kila glasi iingie kwenye daftari: umekunywa nini, saa ngapi, na kwa shilingi ngapi.

Bia ni rahisi kwa sababu ukali wake umeandikwa kwenye chupa. Gongo haina lebo. Mapishi ya leo si ya jana, na yakiharibika yanaweza kuwa na methanoli, ile inayopofua macho na kuua. Kwa hiyo gongo ihesabu kwa glasi na kwa hela. Hela huwa haidanganyi.

Halafu jiulize maswali haya, na uyajibu ukiwa peke yako:

- Asubuhi mikono inatetemeka mpaka uzimue?
- Umewahi kuanguka kifafa siku ulizokosa pombe?
- Umewahi kuona wadudu, watu au vivuli ambavyo wenzako hawavioni?
- Unaamka usiku kunywa ili upate usingizi?

Jibu la "ndiyo" hata kwa moja lina maana kwamba mwili wenyewe umeshaizoea pombe, na kuacha ghafla ni hatari. Ukijibu "hapana" kwa yote, hatua ya 4 huenda ikawa nyepesi kwako, lakini hospitali bado unaenda.

Umefaulu ukiwa na: kurasa 7 zilizojaa. Daktari atakuuliza pia maswali 10 ya Shirika la Afya Duniani yanayopima unywaji, na daftari litakuzuia kupunguza idadi. Sote tunapunguza tukiulizwa.

## Hatua ya 2: Panga tarehe kwa kuuangalia mwezi

Hii hutaikuta kwenye vitabu vya hospitali, lakini bila yake nimeona mipango mingi ikizama.

Mvuvi wa dagaa anafanya kazi usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukikomaa, dagaa hawaifuati taa, mitumbwi inapandishwa, na hapo ndipo tajiri, yaani mwenye mitumbwi, anapiga hesabu na kugawa fedha. Kambi nzima inakuwa nchi kavu, kila mfuko una hela, na hakuna kazi. Mbalamwezi ndiyo msimu wa kunywa.

Sasa, ukianza kuacha wakati wa giza, unaweza kupata mtetemeko au kifafa ukiwa majini usiku. Mtu aliyeanguka kifafa ndani ya mtumbwi anakufa maji wakati wenzake wanahangaika na nyavu. Usifanye hivyo kamwe.

Ukianza wakati wa mbalamwezi, una wiki moja na kidogo ya mapumziko, muda unaotosha kupita siku mbaya. Lakini ni sharti uondoke kambini. Panga hivi: siku mitumbwi inapopandishwa, hela yako iingie moja kwa moja kwenye simu ya mkeo, mama yako au dada yako, na wewe upande chombo uende mjini au nyumbani kwenu. Usilale kambini hata usiku mmoja "kuaga wenzako".

Kama si mvuvi, tafuta tu siku 7 zisizo na harusi, msiba wala mshahara. Mwisho wa mwezi na Desemba viache.

Onyo muhimu: kabla ya tarehe hiyo, kama una dalili za hatua ya 1, usijikaze ukaacha mwenyewe. Endelea na kiasi kilekile, bila kuongeza, hadi siku utakayokuwa mikononi mwa wataalamu. Najua inashangaza kumsikia muuguzi akisema endelea kunywa. Lakini gongo ya leo kwa mtu aliyezoea haina hatari ya papo kwa papo kama kuikata ghafla kisiwani ambako hakuna boti.

## Hatua ya 3: Hospitali na vipimo

Zahanati ni mahali pazuri pa kuanzia na kupata rufaa, ila wengi mtahitaji kwenda mbele. Mwanza mjini kuna Sekou Toure, hospitali ya rufaa ya mkoa, na Bugando ambayo ina idara ya magonjwa ya akili. Ukerewe anza na hospitali ya wilaya pale Nansio, kwa sababu safari ya meli hadi Mwanza ni ya saa kadhaa na si ya mtu anayeanza kutetemeka. Watu wa Sengerema mna nafuu tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025. Hakuna tena kusubiri kivuko na mgonjwa kwenye kiti cha nyuma.

Ukifika, sema wazi: "Nataka kuacha pombe, na nataka kujua dawa ipi inanifaa." Usiseme unaumwa tumbo. Ukiambiwa dawa ya pombe haipo, kumbuka kuwa mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliziingiza akamprosati na naltreksoni kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Omba kwa heshima kuonana na daktari wa afya ya akili.

Vipimo vya kuomba, na sababu zake:

Ini. Naltreksoni na disulfiramu, dawa za hatua ya 5, zote zinaligusa. Huku kwetu ini lina adui wa pili: kichocho cha tumbo, kinachoingia kupitia ngozi ukiwa majini. Kikikaa miaka kinaharibu mishipa ya ini, wengu unavimba, na mishipa ya kooni inaweza kupasuka mtu akatapika damu. Mvuvi mwenye gongo na kichocho ana ini lililopigwa kutoka pande mbili. Mwambie daktari kama unaishi mwaloni, akupime na ikibidi akupe prazikwanteli. Omba pia homa ya ini B na C.

Figo. Akamprosati inatoka mwilini kupitia figo. Figo zikiwa dhaifu, dozi inapunguzwa au dawa inaachwa.

Sukari, ujauzito kwa wanawake, na VVU kama hujapima karibuni.

Malaria, kwa kipimo. Mtu anatetemeka, ana jasho, homa kidogo, anatapika. Nyumbani wanasema malaria, wanampa dawa mseto, na kesho yake anaanguka kifafa. Pombe inapotoka mwilini inaleta sura ileile. Kipimo kinachukua dakika chache.

Umefaulu ukitoka na: majibu ya ini na figo kwenye karatasi, na uamuzi ulioandikwa: mtetemeko utausubiri wodini au nyumbani?

## Hatua ya 4: Siku 5 za arosto

Arosto ni mateso ya mwili uliozoea pombe unapoikosa. Hapa ndipo watu wanapokufa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Hesabu saa tangu glasi ya mwisho. Kati ya saa 6 na 24: mikono inatetemeka, jasho, kichefuchefu, moyo unakimbia, hofu isiyo na sababu. Kati ya saa 6 na 48: kifafa kinaweza kuja, hata kwa mtu ambaye hakuwahi kuwa nacho. Kati ya siku ya 2 na ya 4: kwa baadhi, kuweweseka. Mtu hajui yuko wapi, anaona vitu, anapigana na hewa, joto linapanda. Jirani watasema amerogwa. Ni dharura ya hospitali, na akichelewa anaweza kufariki.

Lazima ulazwe kama uliwahi kupata kifafa au kuweweseka ulipoacha, kama ni mjamzito, mzee, una ugonjwa wa ini au TB, huna mtu wa kukuangalia, au unaishi mahali ambapo usiku hakuna chombo.

Dawa ya siku hizi kwa kawaida ni diazepamu au ndugu zake. Inatuliza ubongo na kuzuia kifafa. Inatolewa nyingi siku ya kwanza na kupunguzwa kila siku, na kwa wengi inaisha ndani ya wiki. Inaandikwa na daktari peke yake, kwa sababu ikichanganywa na pombe inazima pumzi, na ikiendelea miezi nayo inageuka uraibu. Anayekuuzia diazepamu dukani bila cheti hakusaidii.

Ya pili ni thiamini, yaani vitamini B1. Mnywaji mkubwa anakosa B1 kwa sababu hali chakula, na kidogo anachokula hakiingii vizuri. Ikikosekana kabisa, macho yanacheza, miguu inayumba, akili inapotea, na kumbukumbu inaweza isirudi tena. Mwenye afya ya wastani anapewa vidonge. Aliyekonda, anayetapika au aliyechanganyikiwa apewe sindano.

Na hapa nina deni la kulipa. Nilipokuwa mgeni kazini, tuliletewa mzee amelewa, amelegea, hajala siku 3. Nikafanya nililoona wenzangu wakifanya: dripu ya glukosi, haraka. Thiamini hakuna aliyeiwaza. Sukari ile iliimaliza B1 kidogo aliyokuwa nayo, na kesho yake hakumjua mwanawe. Thiamini inatangulia glukosi, au ziende pamoja. Ukiona dripu inaning'inizwa kwa mgonjwa wako, uliza kwa upole, "Nesi, B1 ameshapata?" Nesi mzuri hatakasirika. (Sukari ikiwa imeshuka sana, glukosi haisubiri. Vyote vinatolewa hapohapo.)

Kama daktari ameruhusu nyumbani, kazi ya mwangalizi ni hii:

1. Yeye ndiye anayeshika vidonge, na anatoa dozi kwa saa iliyoandikwa. Mgonjwa akiwa amesinzia sana, haamki vizuri, dozi isitolewe na daktari apigiwe.
2. Chumba kiwe na mwanga hafifu usiku. Giza tupu linazidisha kuona vitu.
3. Maji, uji, ORS kidogokidogo. Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu hapana.
4. Kila baada ya saa 4 aandike: kutetemeka, jasho, anajua leo ni siku gani?

Kifafa kikija: mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu, tazama saa. Usimtie kijiko mdomoni, usimkandamize. Kikipita dakika 5, au kikirudi, au hata kiwe kimoja tu cha kwanza, hospitali.

Umefaulu ukiona: siku ya 5 hadi ya 7 mikono imetulia, amelala angalau saa kadhaa, anakula, na anakumbuka jana. Usingizi mzuri utachelewa wiki kadhaa. Usimtafutie dawa ya usingizi.

Watu wengi huishia hapa. Wanamshukuru Mungu, wanarudi kambini. Mwili umesafishwa, lakini hamu haijaguswa bado.

## Hatua ya 5: Kuchagua dawa ya kuzuia kurudi

Kuna tatu zinazotumika zaidi. Si ngazi ya moja, mbili, tatu. Kila moja ina mtu wake. Na hazipatikani kila duka la dawa muhimu, kwa hiyo pigia famasi kubwa za mjini kabla ya kusafiri, na ukipata nunua ya mwezi mzima.

### Naltreksoni: kwa anayeanza glasi moja na kushindwa kuacha

Pombe inapofika kwenye ubongo inafungua milango ya raha. Naltreksoni inaziba milango hiyo. Unaweza kunywa, lakini utamu unapungua. Glasi ya kwanza haiiti ya pili.

Kawaida ni miligramu 50 kwa siku, mara nyingi ukianza na nusu kwa siku chache, baada ya chakula. Kichefuchefu, kichwa kuuma na uchovu hutokea wiki ya kwanza na kwa wengi hupungua. Si lazima uwe umeacha kabisa ndipo uanze, ingawa siku chache bila pombe zinasaidia. Wapo wanaoelekezwa na daktari kumeza saa moja kabla ya shughuli yenye vishawishi, kama harusi.

Onyo kubwa ni dawa za maumivu. Tramado, kodeini (imo hata kwenye baadhi ya dawa za kikohozi), mofini na pethidini zinapita milango hiyohiyo. Aliyezizoea akimeza naltreksoni atapata arosto kali ndani ya muda mfupi. Siku 7 hadi 10 bila dawa hizo ndipo uanze. Wabeba mizigo na wavuta nyavu wanaomeza tramado za mgongo, semeni ukweli. Andika kikaratasi "Natumia naltreksoni" ukae nacho kwenye pochi, ili ukipata ajali ya bodaboda daktari ajue kwa nini sindano ya maumivu haifanyi kazi.

Mwenye homa kali ya ini au ini lililoshindwa asitumie.

Nguvu yake ni kiasi gani? Majumuisho ya tafiti yaliyochapishwa 2023 yalionyesha kuwa ukiwapa naltreksoni watu 11 hivi, mmoja zaidi ataepuka kurudi kwenye unywaji mkubwa, kuliko kama wangepewa kidonge kisicho na dawa. Ndiyo maana hatua ya 6 na ya 7 zipo.

### Akamprosati: kwa aliyekwisha acha na anasumbuliwa na hamu

Hii inatuliza ubongo uliobaki na wasiwasi baada ya pombe kuondoka. Inafaa kwa aliyekata kabisa. Haipiti kwenye ini, kwa hiyo mwenye ini baya lakini figo nzima anaweza kuimudu.

Ugumu wake ni ratiba: vidonge 2 vya miligramu 333, mara 3 kwa siku. Sita kila siku, bila kutafuna. Kuharisha kidogo ni kawaida mwanzoni. Kwa mtu anayelala mchana na kuvua usiku, mimi naona ni dawa ngumu kuitunza. Kwa mama wa nyumbani au karani wa ofisini, haina shida.

### Disulfiramu: kwa anayetaka ukuta, na ana mtu wa kumsimamia

Hii haiondoi hamu. Inaugeuza mwili ukatae pombe. Ukinywa juu yake, uso unawaka, kichwa kinapasuka, unatapika, moyo unakimbia, presha inashuka. Kwa mwenye moyo mbovu inaweza kuwa mwisho.

Miligramu 200 hadi 250 kwa siku ndiyo kawaida. Usianze kabla ya saa 24 kamili bila tone la pombe. Na hata ukiiacha, ukuta unaweza kubaki hadi siku 14.

Pombe iliyojificha nayo inahesabika: dawa za maji za kikohozi, dawa za kusukutua mdomo, siki, togwa iliyochacha. Marashi na vitakasa mikono vinaweza kuwasumbua baadhi.

Haifai kwa mwenye ugonjwa wa moyo, wa ini, mwenye historia ya kuchanganyikiwa akili, wala mjamzito. Na haifai na Flagyl. Huku kwetu kila tumbo likiuma mtu anameza Flagyl. Ikikutana na disulfiramu, mtu anaweza kurukwa na akili, kwa hiyo baina yao ziwepo wiki 2. Anayemeza dawa za TB zenye isoniazidi amwambie daktari kwanza.

Usimwekee mtu kwenye uji. Najua unavyoteseka, mama. Najua ada ya shule imeishia glosari. Lakini yeye hajui, ataenda kunywa kama jana, tena nyingi. Kama ini lake limeharibiwa na kichocho na mishipa ya kooni imevimba, kule kutapika kwa nguvu kunaweza kuipasua. Niliwahi kumpokea mmoja, amefungwa kwa kanga nyuma ya bodaboda ili asianguke, uso mwekundu kama pilipili, presha haisomeki. Alipona. Mkewe alitoroka kwa hofu ya ndugu, na ndoa iliishia hapo. Dawa hii ni ya anayejua na aliyekubali.

Umefaulu ukiwa na: dawa moja iliyochaguliwa, sababu yake unaweza kuieleza kwa sentensi moja, na tarehe ya kurudi kupima ini au figo.

## Hatua ya 6: Mtu wa kukuona ukimeza

Wanaotumia dawa za TB wanajua habari hii. Kuna mtu anakuona ukimeza. Fanya hivyohivyo.

Chagua mtu mmoja na muda mmoja unaofungamana na jambo lisilokosekana: chai ya asubuhi, au kwa mvuvi, wakati wa kurudi pwani kabla ya kulala. Unameza mbele yake, anaweka alama kwenye kalenda. Hakuna hotuba. Akikusuta kila asubuhi, siku ya kumi utaanza kumkwepa yeye pamoja na kidonge.

Mke si lazima awe ndiye. Kwa wanaume wengi wa huku, kaka mkubwa, mjomba au mzee wa kanisa au msikiti anafanya kazi hiyo bila ugomvi.

Kambini, gawanya vidonge vya giza zima kwenye kichupa kinachofungwa vizuri, mbali na maji ya mtumbwi. Akiba nyingine iache nchi kavu.

## Hatua ya 7: Mbalamwezi ya pili

Takriban siku 29 au 30 tangu uanze, mwezi utakomaa tena. Mitumbwi juu, hesabu, hela. Unajisikia mzima. Unakula, umenenepa kidogo, mkeo anacheka. Hapo ndipo sauti inakuja: vidonge vya nini tena?

Wengi wanaoniandikia "dawa imegoma" wameanguka wiki hii, na nikiuliza naambiwa kidonge waliacha siku nne kabla ya kunywa. Kwa hiyo wiki moja kabla ya mbalamwezi rudia mpango wa hatua ya 2: hela iingie simu ya nyumbani, wewe uondoke kambini, vidonge vihesabiwe. Kliniki ya marudio nayo iwekwe wiki hiyo. Omba mapema.

Ukiteleza: kwenye naltreksoni na akamprosati, endelea na dawa kesho yake na umwambie msimamizi. Kwenye disulfiramu usimeze tena, nenda hospitali kama mwili umeitikia vibaya. Ukiteleza siku nyingi mfululizo na mtetemeko wa asubuhi ukarudi, unarudi hatua ya 3, si hatua ya 5. Kuteleza siku moja si sababu ya kuitupa dawa, lakini kuficha ni hatari.

Umefaulu ukiona: mbalamwezi 3 zimepita na kalenda ina alama karibu zote. Ini limepimwa tena. Kuteleza, kama kulikuwepo, ni kwa siku moja na si kwa wiki.

## Hatua ya 8: Lini kuziacha

Si kabla ya miezi 6, na mwaka mzima ni bora. Naltreksoni, akamprosati na disulfiramu hazileti uraibu, hakuna arosto ya kuziacha, kwa hiyo usiogope muda.

Amueni pamoja, wewe, daktari na msimamizi. Aliyekuwa kwenye naltreksoni ajue kuwa mwili wake hauzimudu tena dawa kali za maumivu kama zamani, na dozi ya zamani ya tramado au mofini inaweza kumzidi nguvu. Aliyekuwa kwenye disulfiramu ahesabu zile siku 14.

Na chagua mwanzo wa giza, siku ambayo taa zimeshajazwa chaji, nyavu ziko mtumbwini, mfukoni huna kitu, na mbalamwezi iko wiki tatu mbele.